Mwongozo kwa Msaili Anayemtambua Daktari kwa Kumtazama Tu

Umeteuliwa kwenye jopo la usaili la chuo cha udaktari. Hongera, na pole. Mbele yako ataketi kijana aliyevaa koti la kuazima, nawe useme kama siku moja aachiwe wodi peke yake usiku wa manane.

Kwanza, lipumzishe lile jicho lako, lile linalomwona mtu mlangoni likakunong'oneza, "Huyu ndiye." Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston kilikuwa kimekwisha kuchagua wanafunzi wake 150 pale bunge la jimbo lilipokiamuru kiongeze 50. Waliosifiwa walikuwa wamechukuliwa kwingine. Wakabaki walioshika mkia: wa nafasi ya 700 hadi ya 800, kati ya 800 waliosailiwa. Wakaingizwa hivyo hivyo, na miaka ilipopita hawakuachwa nyuma na wenzao, si darasani, si wodini. Ikiwa jopo zima liliona kidogo hivyo, jicho lako peke yako litaona nini?

Usikimbilie kompyuta ukidhani yenyewe haina upendeleo. Chuo cha udaktari cha St George's, London, kilitengeneza programu ya kuchuja maombi kwa kuiga maamuzi ya walimu waliotangulia. Iliwaiga barabara: ikawapunguzia alama wanawake na wenye majina yasiyo ya Kizungu. Mwaka 1988 Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza ikatamka kwamba chuo kimebagua.

Fanya walivyobuni Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada: vituo vifupi takriban kumi, kila kimoja na msaili wake na swali lake. Anayeboronga pa kwanza anaanza upya pa pili, na chuki ya msaili mmoja inazama katika alama za wengine. Weka mwigizaji anayelia kwamba faili lake limepotea, uone kama mgombea atamtafutia kiti au atatafuta wa kulaumiwa.

Kimemo cha mkubwa kikikufikia, kisome kwa sauti mbele ya jopo, kiingie kwenye kumbukumbu za kikao. Hakitafuata cha pili.

Akishaingia chuoni, ndipo kazi inapoanza. Weledi haupimwi kwa tai wala kwa "shikamoo" anayokupa wewe profesa. Muulize nesi wa zamu ya usiku yeye anapewa nini na mwanafunzi huyo. Utafiti wa vyuo vitatu vya Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za leseni. Walilinganishwa na wenzao wasioadhibiwa, ikaonekana kwamba dalili zilikuwa nyingi zaidi kwao tangu uanafunzi, hasa kutowajibika kupindukia na kutokubali kurekebishwa.

Basi usisubiri makosa makubwa. Anayemsainia mwenzake mahudhurio, andika. Anayejaza presha 120/80 kwenye chati ya mgonjwa ambaye asubuhi yote yuko chumba cha eksirei, andika, tena kwa tarehe na saa, maana "ana tabia mbaya" ni neno linaloweza kumwonea yeyote usiyempenda.

Kisha mwambie siku hiyohiyo, mkiwa wawili, chati ikiwa mkononi. Mpe nafasi ajieleze. Mgonjwa akirudi kutoka eksirei, nendeni wote wawili mkampime presha.