Uainishaji wa Mashimo ya Mabomba na Mchango Wake katika Foleni za Dar es Salaam

Mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976. Yote miwili imeshapanuliwa, na Ruvu Chini sasa ina uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Mitaani, hata hivyo, bado yamo mabomba yanayostahili kuamkiwa shikamoo, na hayo ndiyo yaliyozaa taaluma changa ya elimumashimo.

Spishi ya kwanza ni Kijasho. Lami inalowa katikati ya kiangazi, na anayefaidi ni kuku tu. Kwa kuwa haimcheleweshi mtu, haitengenezwi.

Ya pili, Bwawa Changa, huzaliwa siku mgawo unapoisha. Maji yanarudi kwa kishindo, yanasukuma hewa iliyojaa bombani, na kiungo kilichochoka kinaachia. Yakishapenya chini ya lami, kila gurudumu linalopita linakamua udongo ulioshika kokoto, mpaka lami inabaki inaelea.

Hapo ndipo inapopatikana spishi ya tatu, kilele cha mageuzi: Shimo Tawi. Hutambulika kwa tawi la mwarobaini lililochomekwa katikati na msamaria mwema ambaye hakuna mtafiti aliyewahi kumfumania. Uchumi unachangamka papo hapo. Daladala inakatisha ruti, abiria analipa nauli mara mbili. Bodaboda anapandisha bei bila kikao. Mmachinga anapenya katikati ya magari akiwauzia maji ya chupa watu waliokwamishwa na maji. Na nyuma kabisa ya foleni, injini ikinguruma, limesimama boza linalopeleka maji kwenye mtaa uleule ambao bomba lake limepasuka hapa mbele.

Kuhusu spishi ya nne, Kiraka Nundu, hakuna mengi: shimo limefukiwa, bomba ni lilelile.

Chanzo cha spishi zote ni cha kiutawala kuliko cha kihandisi. Barabara ina wenyewe, TANROADS au TARURA. Bomba chini yake lina wenyewe, DAWASA. Mkazi anawalipia wote: analipia lita moja isafishwe Ruvu, kisha analipia mafuta ya kuisubiri kwenye foleni. Wahandisi wetu, tunawaomba mpigiane simu kabla lami mpya haijawekwa.