Laptopu Inayosubiri Waya

Maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, nyota nyekundu zinakimbia kulia na kushoto, na mbele yake sentensi ya Kiingereza inayoarifu kwamba kazi moja bado inaendelea: kusubiri mtandao uwe tayari. Pembeni sekunde zinahesabiwa, zikifuatiwa na maneno ya kutangaza kuwa kazi hiyo haina kikomo. Anayekutana na ujumbe huo mara ya kwanza kwenye laptopu yenye Ubuntu hudhani mashine imekufa. Haijafa. Na hilo la kutokuwa na kikomo ni mkwara tu, kwani zikifika sekunde 120 hukata tamaa yenyewe na kuendelea na shughuli zake.

Mwalimu mmoja wa fizikia, mkazi wa Morogoro, aliishi na sekunde hizo muhula mzima.

Laptopu yenyewe ilikuwa ya mtumba, na Windows ilishaielemea. Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam, akajitolea kuiwekea Linux. Flashi aliyokuwa nayo ilibeba toleo la Ubuntu la seva, alilokuwa akifanyia mazoezi, basi akatumia hilo hilo. Akachomeka waya wa mtandao wa hosteli, akasimika, juu yake akaongeza madirisha na vitufe ili mjomba asije akakabiliana na skrini tupu ya amri. Kila kitu kikafanya kazi. Akafunga mzigo, akautuma kwa basi.

Asichokikumbuka ni kwamba toleo la seva, likiwa linasimikwa, huangalia mtandao uliopo na kuandika faili dogo ndani ya /etc/netplan. Faili hilo lilisema: hapa pana tundu la waya liitwalo enp3s0, lipatiwe anwani kila mashine inapowashwa. Laptopu ikaenda Morogoro, waya ukabaki hosteli.

Ndani ya Ubuntu kazi ya kuamsha huduma ni ya systemd, programu iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, ambayo Ubuntu iliipokea rasmi katika toleo la 15.04 la mwaka 2015. Mtindo wa zamani ulikuwa kuamsha huduma moja baada ya nyingine kwa foleni. Systemd huziamsha nyingi kwa mpigo, kisha huuliza nani anamtegemea nani. Ni utaratibu mzuri, mpaka lije swali la mtandao, maana hakuna anayeweza kusema kwa uhakika mtandao umekuwepo lini. Ni pale waya ulipochomekwa? Au anwani ilipopatikana? Au tovuti ya kwanza ilipojibu?

Kwa hiyo ziliwekwa alama mbili. Ya kwanza, network.target, licha ya jina lake haiahidi karibu chochote wakati wa kuwasha. Faida yake kubwa huonekana wakati wa kuzima, ili huduma zifungwe kabla mtandao haujakatwa. Ya pili, network-online.target, ndiyo inayoahidi, na ili ahadi itimie lazima awepo mtu wa kusubiri. Huyo anaitwa systemd-networkd-wait-online, na katika maisha yake yote hana kazi nyingine. Kwenye seva inayovuta diski zake kutoka mashine nyingine, kusubiri huko ni busara tupu. Kwenye meza ya mwalimu kilikuwa kikao kisichoanza mpaka afike mjumbe aliyehama mji.

Mwalimu hakuyajua hayo. Alichokuwa nacho ni jirani fundi wa simu, mtu mwenye ujasiri uliopita elimu yake. Fundi akaandika systemd-analyze blame, amri inayopanga huduma kuanzia iliyochelewa zaidi, akaona juu kabisa neno lenye "network" ndani yake, akatoa hukumu: kila chenye jina la network kizimwe. Akaanza na NetworkManager.

Alama ya waifai ikatoweka kwenye kona ya skrini. Laptopu ikawashwa upya, na dakika mbili zikawa pale pale.

Sababu ni kwamba mashine ile ilikuwa na mameneja wawili wa mtandao. Ubuntu ya seva humwachia systemd-networkd waya, na NetworkManager, akiongezwa baadaye pamoja na madirisha, hupewa waifai na modemu za simu tu. Fundi alikuwa amemfukuza yule aliyefanya kazi, akamwacha yule aliyekuwa amekaa mlangoni akiangalia tundu tupu. Halafu hapakuwa tena na intaneti ya kutafutia namna ya kuirudisha intaneti. Fundi akakumbuka kuna mteja anamsubiri dukani.

Ikabidi simu ipigwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii kitu yako imekufa."

Mpwa akamtajia: sudo systemctl enable --now NetworkManager. Mwalimu akaandika yote kwa herufi ndogo, kama alivyozoea kuandika ujumbe wa simu. Mashine ikajibu kuwa huduma hiyo haipo. "N kubwa, mjomba, na M ya katikati nayo kubwa." Maana Linux, tofauti na wanafunzi wa kidato cha kwanza, inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Waifai ikarudi.

Zikabaki zile dakika mbili. Hapa mpwa angeweza kumzima msubiriaji moja kwa moja kwa amri ya disable, na huduma nyingine ikimwamsha tena, amfunge kabisa kwa mask, ambayo huielekeza huduma kwenye /dev/null, shimo lisilorudisha kitu. Lakini kijana alitaka kurekebisha chanzo: lile faili la netplan. Chini ya enp3s0 iongezwe mstari mmoja tu, optional: true, yaani huyu akija aje, asipokuja tusimsubiri.

Mstari mmoja huo ulikula nusu saa ya bando la dakika. Faili za aina hii hupanga mambo kwa nafasi za pembeni, na nafasi hizo lazima zitoke kwenye kitufe cha spesi. Mwalimu, aliyejifunza kuchapa kwa mashine ya taipu, alibonyeza Tab. Kwa jicho, mistari ilinyooka vizuri kabisa, netplan ikaikataa. Akafuta, akaandika upya, akabonyeza Tab. "Spesi, mjomba, hesabu spesi." Hatimaye sudo netplan apply ikapita kimya, na laptopu ilipowashwa tena, nyota nyekundu hazikupata hata nafasi ya kukimbia.

Muhula uliofuata shule ikavuta mtandao wa waya kwenye ofisi ya walimu. Mwalimu akachomeka, matokeo ya kidato cha nne yakafunguka mara moja, lakini orodha ya mitandao kwenye kona ikashikilia kuwa waya huo hausimamiwi na mtu. Akapiga simu kuuliza ni nani basi anayeleta intaneti.

"Yupo, mjomba," mpwa akamjibu. "Ni vile tu hawa wawili hawasalimiani."