Mwongozo kwa Mtu wa Songea Anayetaka Kuwekeza Nje ya Nchi

Hela ya mahindi imeingia, mbolea ya msimu ujao umeshaitengea fungu, na bado kiasi kimebaki. Mke anataka fundi amalizie paa. Rafiki anakusukuma ununue kiwanja Ruhuwiko. Wewe moyo uko mbali. Umechoka kusikia redioni kwamba wawekezaji wanakuja Ruvuma, na unatamani walau mara moja uwe wewe unayekwenda kwa watu. Hongera. Kabla hujafika stendi, soma haya.

Kwanza jua cheo chako. Wanaotunga takwimu za dunia wameweka mpaka kwenye asilimia 10: ukimiliki kiasi hicho au zaidi cha kampuni iliyo nchi nyingine, wewe ni mwekezaji wa moja kwa moja. Ukiwa na asilimia 9 una karatasi tu. Mpaka huu umewaacha wengi nje ya sherehe. Chukua mwalimu mstaafu yeyote wa Mfaranyaki aliyenunua hisa za CRDB mwaka 2009, zilipouzwa shilingi 150 kila moja. Mwaka 2012 benki hiyo ilifungua kampuni tanzu Burundi, na mwaka 2023 ikafungua nyingine Lubumbashi ikiwa na asilimia 55, nyingine wakiwa nazo Wanorwe na Wadenmaki. Kwa hiyo mwalimu wetu anayenunua dagaa wa Ziwa Nyasa pale Soko Kuu ana matofali yake mawili matatu Bujumbura na mlango wa choo huko Kongo. Kitabuni mwekezaji ni benki, yeye ni mwanahisa. Usimwambie, ataanza kuchelewa kwenye vikao vya mtaa.

Pili, usishike grafu kwa mikono mitupu. Mstari unaoonyesha mitaji inayotoka Tanzania umelala chini miaka nenda miaka rudi, na mtu asiyejua atadhani sisi ni watu wa kukaa nyumbani. Sababu moja iko kwenye sheria. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mtaji binafsi ulikuwa jambo la kujieleza, seuze wa kupeleka nje. Mwaka 1983, enzi za msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na dola chini ya godoro kulitosha kukuharibia mwaka. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ilileta maduka ya kubadilisha fedha, lakini kupeleka mtaji nje kuliendelea kuhitaji ruhusa ya Benki Kuu. Kanuni za mwaka 2014 zikafungua mlango wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na za mwaka 2022 zikaongeza nchi za SADC.

Pima mwenyewe hapo. Kwa miaka nane mtu wa Songea alikuwa huru kwenda kununua kampuni Bujumbura, mji ambao hajawahi kuuona na basi lake hajui linaondokea wapi, lakini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, anakosikia jogoo wakiwika, alitakiwa aombe kwanza.

Hata hivyo wapo waliokwenda, na wakubwa hawakungoja mlango ufunguliwe wote. Bakhresa anasaga ngano Malawi, Uganda, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Benki ya Exim ilitua Komoro mwaka 2007, kisha Djibouti. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Amsons ikaichukua kampuni ya saruji ya Bamburi ya Kenya kwa shilingi 65 za Kenya kila hisa, ofa yenye thamani ya karibu bilioni 23.6 za kwao. Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Ununuzi mmoja wa namna hiyo hutosha kuinua mlima kwenye grafu ya nchi ndogo. Mwaka unaofuata mlima haupo, na mchambuzi atasema uwekezaji umeporomoka. Hakuna kilichoporomoka. Ni kwamba mwaka huo hakuna aliyenunua kiwanda cha saruji.

Shimo la pili ni alama ya kutoa. Utakuta nchi imeandikiwa kwamba imewekeza nje kiasi cha hasi. Usipige simu kuuliza. Maana yake kampuni tanzu imerudisha mkopo iliopewa na mzazi wake, au mali imeuzwa na fedha zikarudi nyumbani.

La tatu ni Mauritius, kisiwa ambacho ukikiamini kwa takwimu utadhani kila mkazi wake ana viwanda vitatu India. Kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa kabisa huko, kwa sababu mkataba wa kodi uliwafanya watu wa nchi nyingine, na Wahindi wenyewe wakiwemo, wapitishie fedha zao hapo. Mkataba ulirekebishwa mwaka 2016. Ukiona mtaji unatoka nchi fulani, uliza ulilala wapi usiku uliotangulia.

Namtumbo wanalijua hili bila kwenda India. Mwaka 2011 kampuni ya Mantra ya Perth, iliyokuwa na urani ya Mto Mkuju, ilinunuliwa na Warusi wa ARMZ. Katikati ya mazungumzo ikatokea ajali ya Fukushima, bei ikashushwa hadi kama dola bilioni moja za Australia. Urani yetu ikabadili mwenyewe kati ya Perth na Moscow, na fedha hazikukanyaga hata vumbi la Namtumbo. Kwenye vitabu vya Urusi huo ni uwekezaji wa nje. Kwa mkulima wa tumbaku wa pale ilikuwa habari ya saa mbili usiku.

Sasa twende unakotaka kwenda. Barabara inakatia Likuyufusi, inapita Muhukuru na kuishia Mkenda mpakani, kilomita 124. Wakati wa masika pima mwenyewe kwa masaa, si kwa kilomita. Ukivuka Daraja la Umoja la Pili uko Matchedje, mahali Frelimo walipofanyia mkutano wao mkuu wa pili mwaka 1968, porini. Babu zetu waliwasaidia wapigania uhuru wale kwa chakula na hifadhi, na hakuna aliyetoa risiti.

Huko ng'ambo utakuta duka la mtu wa kwetu. Mabati manne mbele, sabuni za mche, mafuta ya kula yanayopimwa kwa kikombe, chumvi, betri, vitenge vilivyokunjwa mpaka darini, na sola ya kuchajia simu. Omba akuonyeshe daftari la kaunta. Mbele ameandika kwa shilingi, nyuma kwa metikali, na katikati pana kurasa za madeni zisizo na lugha ya fedha yoyote: debe mbili, mbuzi mmoja, «ataleta ufuta». Hilo ndilo tawi la nje. Mtaji wake ulitoka Songea kwa bodaboda, mzigo baada ya mzigo, na haukupita benki.

Ukiuliza leseni iko kwa jina la nani, utaambiwa la shemeji. Shemeji ni Mmsumbiji, kwa hiyo duka ni la Msumbiji, na Songea haijawekeza kitu. Umeielewa ile grafu sasa? Lakini angalia: ndoa ikivunjika mtaji unabadili uraia usiku huohuo, na hakuna mahakama ya usuluhishi ya kimataifa inayosikiliza kesi ya shemeji. Wala usijifanye umeshangaa wakikuletea ugumu. Julai 2025 serikali yetu ilipiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogo hapa nchini, kuanzia saluni na kutengeneza simu hadi uwakala wa fedha. Wakenya walilalamika sana. Wenzetu wa Niassa, ng'ambo ya mto, nao wanasoma habari.

Usijidanganye kwamba wewe ndiye wa kwanza kutoka. Wangoni na Wamatengo walitoka zamani kwa malori ya SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba, kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Nguvu zile zilikuwa mtaji hasa, na kuna waliozikwa hukohuko bila kurudisha gawio.

Basi beba TIN, kitambulisho cha NIDA, hati ya kusafiria, na fedha ndogondogo za njiani. Vitenge vifunge kwenye nailoni, mto una umande. Ukiulizwa mpakani umebeba nini, sema sabuni na vitenge, kwa kuwa ndivyo ulivyobeba. Ukisema umebeba mtaji utaambiwa ukae kwenye benchi, bosi yuko kikaoni.