Manjano ya Kopo

Jioni ufuo wa Qurum mjini Maskati hujaa wakimbiaji, na goti la mmoja wao likianza kulalamika, mbio huishia kwenye kopo la vidonge vya manjano. Ndani mmetiwa pilipili manga: utafiti wa 1998 ulionyesha kuwa piperini iliyomo humo huongeza kurkumini, kiini cha manjano, inayoingia mwilini kwa asilimia 2,000.

Ugunduzi huo! Bibi aliyekuja Maskati kutoka Unguja miaka ya 1970 amechanganya manjano na pilipili manga mchuzini maisha yake yote, wala hajaomba hataza.

Mjukuu wake, ndiye mkimbiaji mwenye goti, huususia mchuzi, eti una mafuta. Dagaa wa Matrah humkera kwa shombo, ila kidonge cha mafuta ya samaki hukimeza kwa adabu zote. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, aliyoagizwa na mtaalamu, yataanza Jumapili. Inshallah.