Masaibu ya Alizeti Mwitu

Alizeti mwitu, ambayo wataalamu wa mimea huiita *Tithonia diversifolia*, ni jamaa wa karibu wa alizeti ya mafuta, ila hutofautiana nayo kwa kuwa ile hufa msimu ukiisha, ilhali hii huchipua upya kutoka shinani mwaka baada ya mwaka, tabia ambayo mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba na bustani, huko Mutshatsha nchini Kongo huisifu mwaka wa kwanza na kuijutia miaka yote inayofuata. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini imeuzoea udongo mwekundu wa Katanga kiasi kwamba hakuna anayeiuliza kitambulisho.

Sifa zake, ni haki kusema, si za uongo. Kila kilo 100 za majani yake makavu huwa na takribani kilo 3.5 za nitrojeni, na ndiyo maana watafiti wa magharibi mwa Kenya waliyapendekeza yawe mbolea ya kijani, yaani majani mabichi yanayofukiwa shambani yakaoza. Balaa limo katika shina, kwa sababu kipande kibichi kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huota mizizi. Basi anayekikata ili maharage yapate mti wa kutambalia hukuta, mvua zikikaribia kuisha, kwamba maharage yamedumaa kivulini na mti umekuwa kichaka chenye maua ya manjano na nyuki wake, tena kando ya njia ya choo.

Kuing'oa ni mtihani mwingine. Mwaka 2014 mkazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, alikuta madini ya kobalti alipokuwa akichimba kwenye kiwanja chake, na majirani wakachimba hadi chini ya sakafu za nyumba zao. Katika jimbo lenye habari kama hiyo, mtu aliyeinamia shimo nyuma ya nyumba hasadikiki akisema anang'oa magugu, na mzizi anaouonyesha huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Mjanja hakani wala hakubali: husema tu kwamba bado hajafika chini, akawaachia sururu wageni waliokuja kuchungulia shimo, na kufikia jioni visiki vyote vimetoka bila yeye kulipa hata faranga moja, huku wageni wale wale wakijitwika mashina, kwa kuwa wameona miti iliyonyooka namna hiyo itafaa sana kwa maharage ya nyumbani kwao.