Shangazi, Umeme Wangu Umezira

*Shikamoo Shangazi. Tumekaa kwa amani miaka yote mpaka mume wangu alipomleta fundi akachimbia ethi mpya. Tangu hapo ile swichi pana ya kwenye boksi la breka inajizima kila tukichomeka friji. Mume anasema fundi katuharibia nyumba, na hela iliyobaki hampi. – Mama Friji, Tabata*

Marahaba, Mama Friji. Kwanza fundi alipwe.

Pili, niambie ukweli: zamani mlikuwa mnavaa ndala kabla ya kulifungua hilo friji? Nilijua. Jikoni kwa watu wengi kuna jozi ya ndala isiyo na mwenyewe, kazi yake friji tu, na mgeni huonywa mapema: "Usiguse na miguu mitupu, linatekenya." Tekenyo hilo ni umeme wa waya wa moto uliopata mahali pameliwa, ukahamia kwenye bati. Ethi yenu ya zamani ilikuwa jina tu, kwa hiyo umeme ukakaa hapo kwenye bati ukimngoja mtu wa kuufikisha ardhini. Sasa fundi kaupa njia, unashuka wenyewe, na swichi imeuona. Friji halikuharibika juzi. Juzi ndipo mlipoambiwa.

Swichi hiyo haijali mmewasha vitu vingapi. Hayo ni ya breka ndogo. Yenyewe ni kama mweka hazina wa kikoba: inahesabu kilichotoka kwa waya wa moto na kilichorudi kwa nyutro, na hesabu ikipungua inafunga daftari. Kwa swichi ya kawaida ya nyumbani, upungufu wa miliampia 30 unatosha, na inakata kabla theluthi ya sekunde haijaisha. Birika la wati 2,000 linakula karibu ampia 9, yaani mara 300 ya hapo. Ndiyo maana breka ndogo haishtuki: kiasi kinachoweza kumuua mtu, kwake ni makombo.

Ili tusilisingizie friji, chomoa kila kitu nyumbani. Nimesema chomoa, kuzima kwenye soketi hakutoshi. Pandisha swichi. Ikikaa, rudisha kimoja kimoja, ukianza na vya joto na vya maji: birika, pasi, hita ya kuogea. Kitakachoiangusha ndicho kiende kwa fundi. Na ikiwa vyote vinapita kimoja kimoja lakini vikikutana swichi inaanguka, basi kila kimoja kinavuja kidogo kidogo na jumla ndiyo inayowaponza. Hapo nyumba igawiwe swichi mbili. Kifuniko cha boksi sijakuruhusu kukifungua.

*Shangazi, kila usiku kwenye saa nane au saa tisa swichi inashuka. Yalianza wiki ile ile wifi yangu alipokuja kutembea. Nimeanza kuwaza mengine. – Nisiyelala, Tanga*

Wifi mwache alale. Friji lenu ni la aina isiyogandisha barafu? Ndani yake kuna kihita kinachojiwasha kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu. Kikiingia unyevu, kinavuja kwa dakika hizo tu. Asubuhi fundi anakuja, anapima, anakuta shwari, anachukua nauli.

Mshukiwa wa pili ni taa ya getini, hasa wakati wa masika. Fundi akiifungua mchana, umeme umezimwa, atakuta maji yametuama kwenye kikombe, sisimizi wamejenga, na pengine mjusi aliyekauka kalala juu ya nyaya mbili, mkia huku, kichwa kule. Upepo wenu wa chumvi nao hauziachi nyaya salama.

Usiku mmoja lala friji limechomolewa. Samaki wapeleke kwa jirani. Ikikaa mpaka alfajiri, umempata. Isipokaa, fundi aitoe taa kabisa kwenye nyaya, kwa sababu ukiizima kwa swichi ya ukutani nyutro inabaki imeungwa.

Swali dogo tu: wifi hakuja na hita ya kuchovya kwenye ndoo? Kama alikuja nayo, anza na hiyo.

*Nimechomoa mpaka chaja ya simu, nimezima breka ndogo zote, swichi bado inagoma. – Baba Kiza, Mbeya*

Breka ndogo nyingi hukata waya wa moto peke yake. Nyutro ikigusa ethi ndani ya ukuta, utazima mpaka uchoke. Nani alipigilia msumari wa picha ya harusi juu ya soketi? Mtafute fundi mwenye mega, azipime nyaya zenyewe na swichi pia.

*Kuna fundi anataka elfu kumi aifunge dairekti, isisumbue tena. Au niiegemeze kijiti isishuke? – Mpenda Njia za Mkato, Mwanza*

Kijiti hakisaidii kitu. Ndani inaachia hata ukiishikilia kwa mkono. Dairekti ndiyo, haitasumbua tena, hata siku mtoto ameshika waya uliochubuka. Mwambie huyo fundi aandike kwenye karatasi jina lake, namba ya simu, tarehe na kazi aliyofanya, asaini. Uone kama atarudi na hiyo bei.

*Nimebonyeza kile kitufe cha T kwa bahati mbaya, nyumba nzima giza. Nimeua? – Mwoga, Morogoro*

Hujaua, umeipima, na imefaulu. Pandisha, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Kuna msomaji wa Bukoba aliyebonyeza T, umeme upo, na swichi haikutikisika. Huyo nimemwambia aliache gazeti mezani aende dukani sasa hivi, na fundi amkute nyumbani.