Gavana wa Wali Maharage

Bumu likiingia, hakuna mwanafunzi wa Mlimani anayekumbuka kwamba duniani kuna dagaa. Siku hiyo foleni ya mashine ya kutolea pesa inazunguka jengo, watu ambao hawajasalimiana tangu muhula uanze wanaitana "mkurugenzi", na ikifika saa mbili usiku mabanda ya chipsi yameishiwa kuku. Kwa msomaji ambaye hakupitia huko: bumu ni fedha ya kujikimu anayopata mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Miaka yetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, chakula na malazi humo humo, na ililipwa ya siku 60 kwa mkupuo. Piga hesabu: shilingi 510,000. Baadaye kiwango kilipanda hadi 10,000 kwa siku, na wadogo zetu wanaoipata nawatazama kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuzaliwa.

Kijana aliyeshika laki tano kwa mara ya kwanza maishani haoni 8,500 mara sitini. Anaona kuku.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukupika. Mabwenini kupika ni marufuku. Jiko la koili lilikaa chini ya kitanda, ndani ya begi, limefunikwa na mashuka, na aliyethubutu kulichomeka jioni alizima umeme wa korido nzima, kisha yeye mwenyewe akatoka mlangoni kuuliza kwa hasira ni mpumbavu gani kazima umeme. Kwa hiyo kula nje hakukuwa anasa. Tulikuwa tunatii sheria.

Bumu lina ngazi zake za kushukia. Wiki ya kwanza ni kuku kwa chipsi, soda juu, na kumlipia mtu ambaye hata jina la pili hulijui. Inafuata zege, yaani chipsi mayai. Halafu wali nyama, halafu wali maharage, halafu wali mchuzi. Chini kabisa iko pasi ndefu: chai hunywi, mchana huli, saa kumi jioni unakula mlo mmoja unaofunika yote mitatu, kisha unalala mapema kabla tumbo halijashtuka. Mpiga pasi ndefu anatambulika maktaba. Ameinamia kitabu vizuri, ila kurasa hazifunguki.

Sasa, kwenye ngazi zile za katikati ndipo tulipokutana na Gavana. Alikuwa mama ntilie, banda lake chini ya mwembe kwenye njia ya kuelekea Changanyikeni, sufuria tatu, mabenchi mawili na ndoo ya kunawia yenye bomba lililofungwa kwa mpira. Jina la Gavana tulimpa sisi, kwa sababu uchumi wa wanafunzi wa mtaa ule aliuendesha yeye. Aliamua nani akopeshwe, kiasi gani, na lini mikopo isimame. Jumatatu moja akatangaza kwamba mchele umepanda Kariakoo, wali maharage kuanzia leo ni buku jero, na hakuna mchumi hata mmoja kati yetu, nao walikuwepo wa mwaka wa tatu, aliyefungua mdomo kupinga.

Kwa Gavana nilijifunza kuagiza.

"Shikamoo mama. Naomba wali nyama, ila nyama usiweke."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo inaitwa wali mchuzi."

"Lakini uwe mchuzi wa nyama."

"Nyama imepita humo. Imeaga."

Wali mchuzi ulikuwa na faida yake, maana Gavana alikuwa na huruma ya pembeni. Ukikaa ukamsubiri mpaka sufuria inakwanguliwa, ulipewa ukoko bure, na maharage mawili matatu yaliyoganda chini. Jamaa yangu mmoja wa Sheria alikuwa hodari wa kusubiri hivyo. Angefika saa saba na kitabu, angesoma kesi nzima benchini, akiinua macho kila Gavana akishika mwiko. Huyo leo ni wakili, na nasikia mahakamani anasifika kwa uvumilivu.

Mikopo iliandikwa kwenye kauntabuku lenye gamba jeusi. Gavana hakuwa na haja ya majina yetu. Aliandika anachokiona: Mrefu, Yule wa Sheria, Dada wa Kilemba, Mpemba (ambaye alikuwa Mdigo wa Tanga na alishachoka kueleza), Ukoko, na Miwani. Utaratibu huu ulifanya kazi bila hitilafu hadi muhula wa pili, nilipopimwa macho. Nilifika bandani siku ya kwanza na miwani mipya usoni, nikiwa sidaiwi hata senti, na nilikuwa nimejisifu njia nzima kwa jambo hilo. Gavana akanitazama, akafungua kauntabuku, akatembeza kidole.

"Miwani. Elfu kumi na moja na mia tano, mwanangu."

Nikamweleza kwamba Miwani ni mwingine, mimi nimeanza kuvaa juzi. Akanijibu kwa upole kwamba kila Miwani anasema hivyo. Yule Miwani wa awali, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amehamia kwenye lenzi za kuweka ndani ya jicho, akawa anapita mbele ya banda akisalimia kwa raha zake, uso mtupu. Nikalirithi deni la mtu kwa sababu ya uoni hafifu. Mpaka leo naamini kuna somo zima la sheria ya mikataba mle ndani, lakini yule wa Sheria alikuwa anasubiri ukoko na hakutaka ugomvi.

Riba Gavana hakutoza. Alichotumia ni sauti. Ungepita na msichana wa darasani, mnajadili mambo ya maana, na kutoka chini ya mwembe ingekuja: "Miwaniii! Ile ya Jumanne vipi, baba?" Mtu alikuwa radhi kuzunguka njia ya nyuma, apite kwenye tope, kuliko kupita pale na ugeni.

Ukiwa na vijisenti na hutaki kuonekana na Gavana, ulikwenda kwa mtu wa chipsi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu wa vibanda walikuwa wakihangaika na vifungashio, na karatasi yoyote iliyokuwa na upande mmoja safi, na hata isiyokuwa nao, ikapata kazi. Usiku mmoja nikafungiwa chipsi kavu kwenye karatasi ambayo, mafuta yalipoipenya, maandishi yakajitokeza vizuri zaidi. Ilikuwa karatasi ya jaribio la somo letu. Yenye jina. Mwenye jina lile alikuwa ametutangazia bweni zima kwamba amepata 78, akatupa na ushauri wa namna ya kusoma. Juu ya karatasi, kwa wino mwekundu, pembeni ya kitunguu, ilisomeka 38. Nilikula taratibu sana usiku ule. Sikumwambia mtu, isipokuwa wenzangu wa chumbani, na wenzao.

Jioni za Mwenge zilikuwa na mtego mwingine: pweza. Muuzaji ana meza yenye taa, sinia la vipande, bakuli la pilipili, na supu inayofuka, ambayo husifiwa kwa mambo ambayo mwanafunzi mwenye njaa hana wakati nayo. Unachoma kipande kwa kijiti, unachovya, unakula, hakuna anayekuandikia chochote. Uungwana ule ndio mtego. Hesabu yangu ilisema vipande vitano. Muuzaji, ambaye muda wote alikuwa anaongea na watu wengine kuhusu Simba na Yanga, na sikuona jicho lake likigeuka hata mara moja, alisema tisa. Nikataka kubisha. Akaanza kunitajia kimoja kimoja: kile cha mkia ulichokigeuza, kile ulichoangushia pilipili, kile ulichokula ukiwa umenipa mgongo. Nikalipa tisa. Ikiwa taifa linatafuta watu wa sensa, lianzie pale.

Ijumaa moja tulichanga tukaenda kula pilau ya sinia Magomeni, watu wanne. Sinia lina adabu zake na kila aliyelelewa uswahilini anazijua: unakula mbele yako, hufukui, na nyama ya katikati inangoja mkubwa aigawe. Adabu hizo zilitungwa kwa ajili ya familia, ambako mkubwa anajulikana. Sisi tulikuwa wanne wa mwaka mmoja wa kuzaliwa, na ghafla kila mmoja akawa mkubwa. Mmoja akataja mwezi wake. Mwingine akasema yeye kwao ni mzaliwa wa kwanza. Wa tatu akadai amewahi kuoa, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kabla ya pilau ile. Na yupo bingwa mmoja, huyo hakudai ukubwa. Yeye aliuliza maswali. "Hivi mjomba wako wa Songea alipataje ile ajali?" Ukianza kusimulia umekwisha, maana huwezi kusimulia ajali ya mjomba huku unatafuna, na yeye anaitikia kwa kichwa, kwa huzuni, mkono ukienda na kurudi. Nilifika pale mjomba anapotolewa kwenye gari, nikakuta upande wangu umebaki mfupa na mdalasini.

Kuhusu mtoko wangu wa Masaki nitasema kwa kifupi, ingawa haukuwa mfupi. Nilikuwa nimepanga kwa muda mrefu kumtoa dada mmoja wa darasa letu, na mfukoni nilikuwa na misimbazi mitatu, yaani 30,000, pesa ya kutosha wiki nzima chini ya mwembe. Menyu ilikuja ndani ya jalada la ngozi, nami nikaisoma kutoka kulia kama msahafu, bei kwanza, chakula baadaye. Yeye akachagua samaki wa 18,000. Nikagundua papo hapo kwamba mimi sina njaa, nahitaji supu tu, 8,000. Mhudumu akauliza, "Maji, kaka?" Nikasema ya kawaida tu. Chupa ikafunguliwa kabla sijamaliza kusema "tu". Elfu nne. Jumla 30,000 kamili, na nikashusha pumzi, nikaegemea kiti, nikaanza hata kuongea Kiingereza.

Supu ilikuwa na jani moja. Mkate wa kuitelezesha ulikuwa wa bure, nami nikauagiza tena, na tena, hadi mhudumu akaanza kuleta bila kuangalia upande wangu. Kisha ikaja bili: 35,400. Chini kabisa ya menyu, kwa herufi ambazo hata miwani yangu haikuziona, ilikuwa imeandikwa kwamba bei hazijajumlisha VAT, asilimia 18. Nilikuwa nimemtoa msichana mmoja, kumbe tulikuwa mezani na serikali.

Dada yule hakusema kitu. Akafungua pochi, akatoa elfu sita, akapokea chenji ya mia sita, na tukatoka. Nauli ya daladala siku zile ilikuwa mia nne kwa mtu mzima, mia mbili kwa mwanafunzi. Mia sita ilitosha, mradi mmoja wetu awe mwanafunzi. Nikatoa kitambulisho cha chuo. Konda akakigeuza, akanitazama ndevu.

"Mwanafunzi ni mwenye sare, braza. Wewe ni mtu mzima uliyechelewa."

Abiria wakacheka, mama mmoja wa siti ya mbele akatoa mia mbili akanilipia, akasema nisome kwa bidii, nimsaidie mama yangu. Mpaka Mwenge dada yule alikuwa anatazama dirishani, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Tulipofika Changanyikeni njaa ilikuwa imenirudia yote, na njia ya tope ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo tulipita chini ya mwembe. Gavana akatuona. Nikamwomba Mungu amnyamazishe, na Mungu alikuwa na shughuli nyingine. "Miwaniii!" Yule dada akauliza Miwani ni nani. Nikasema simjui. Akaenda benchini, akakaa, akanawa, akamwamkia, na akaagiza wali maharage sahani mbili, moja na ukoko.

"Nani analipa?" Gavana akauliza.

"Andika kwa Miwani," akasema.

Tumeshahitimu. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika kila mwezi, mwajiri anaipeleka, na mtu huna hata nafasi ya kuzunguka njia ya nyuma. Gavana hana mwajiri wa kumwandikia. Nilipita kwake hivi karibuni, mwembe upo, bei imepanda, na kauntabuku ni jipya ila madeni ya zamani ameyahamisha yote kwa mkono wake, ukurasa wa kwanza. Pana akina Miwani watatu. Wa juu nimemlipia mimi, ingawa hakuwa mimi. Yule wa Kilemba, Mpemba, Mrefu, na wewe uliyehamia kwenye lenzi: Gavana anapokea pia kwa simu, namba imebandikwa kwenye mti.